Tumbo linanisumbua kila nikila kazini: ni hotpoti ya umeme au chakula cha mkwe?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Chanika na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Kazi yangu iko Posta, kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Nyumbani natoka saa kumi na moja alfajiri ili nipite Gongo la Mboto kabla foleni haijakaza, na ofisini naingia saa mbili kasoro. Chakula cha mchana tunakula saa saba.

Zamani nilikuwa nakula kwa mama lishe aliye nyuma ya jengo letu. Sahani ya wali maharage ni 2,500, ukitaka samaki uandae 4,000 au zaidi. Mwezi wa siku 22 za kazi ni 55,000 kwa wali maharage peke yake, bila maji wala tunda. Mume wangu alipoona hivyo akaninunulia Kariakoo hotpoti ya umeme. Nje ni plastiki ya waridi, ndani kuna bakuli la chuma linalotoka, juu kuna kisahani cha kuwekea mboga, na kifuniko kinabanwa kwa vibanio vya pembeni. Waya unachomekwa ubavuni. Chini imeandikwa 220V na 60W.

Mama mkwe ndiye mpishi wetu wa jioni, na mkono wake hauna mfano. Anapika wali wa nazi, maharage, mchicha, siku nyingine dagaa. Tukishakula, saa mbili usiku hivi, ananijazia hotpoti yangu, anabana kifuniko, anaiweka mezani, na alfajiri naibeba. Friji tunayo, lakini ni ndogo na imejaa maji ya watoto.

Ofisini mambo yakaharibika siku bosi alipoingia na mteja na chumba kizima kinanuka dagaa. Alibandika tangazo kwamba ni marufuku kupika au kupasha chakula kwenye meza za kazi. Tangu hapo naiweka chini ya meza, nyuma ya mafaili. Asubuhi kabla bosi hajafika naichomeka kama robo saa hivi, nachomoa. Akitoka saa sita na nusu naichomeka tena mpaka saa saba. Plagi yake ina miguu miwili ya duara, kwa hiyo nazibua tundu la juu la soketi kwa kalamu ndipo iingie. Tunatumia ekstensheni moja kwa kompyuta, printa, jagi la kuchemshia maji na hotpoti yangu. Juzi ekstensheni ilinuka kuungua na wote wakanigeukia mimi.

Lakini linaloninyima usingizi ni tumbo. Imetokea mara kadhaa sasa: nakula mchana, jioni nikiwa kwenye gari napata kichefuchefu, nikifika nyumbani natapika, na siku nyingine tumbo linaniendesha usiku kucha. Watoto, mume wangu na mama mwenyewe wamekula chakula kilekile usiku uliotangulia na wote wazima. Mwenzangu wa ofisini aliponisikia akaniambia, "Jiulize vizuri, kwa nini ni wewe peke yako?" Shangazi, tangu aseme vile sina raha. Namwangalia mama anavyonipakulia na moyo unanienda mbio. Mume wangu sijamwambia. Wengine wanasema si mama, ni hivi vyombo vya umeme vinatia sumu kwenye chakula. Na dereva wetu alikuwa anataka kununua ya kuchomeka kwenye gari, sasa naye anaogopa.

Niitupe hii hotpoti? Na mama nimwambie nini?

Mama wa wawili, Chanika

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuumwa ukiwa ndani ya daladala iliyojaa, na mwendo wote ule wa mpaka Chanika, si jambo dogo.

Nianze na mama mkwe wako, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Mama huyo hajakufanyia kitu. Ushahidi umeuandika mwenyewe kwenye barua yako: sufuria ni moja, mpishi ni mmoja, wamekula watoto, amekula mwanawe, amekula na yeye, na wote wakaamka wazima. Wewe ulikula nao usiku huo huo na hukuumwa usiku huo. Umeumwa kesho yake, baada ya kula kilichobaki. Kati ya sahani yako ya usiku na ile ya mchana hakuna mkono wa mtu ulioingia. Kilichoingia ni saa kumi na saba za chakula kukaa nje. Hesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba mchana utaona.

Mwenzako aliyekuuliza "kwa nini ni wewe peke yako" aliuliza swali zuri akalipa jibu baya. Ni wewe peke yako kwa sababu ni wewe peke yako unayekula kiporo kilicholala kwenye joto la Dar es Salaam ndani ya mkebe uliofungwa. Maneno ya namna ile yamevunja nyumba nyingi, na hapo katikati kuna mama mtu mzima anayekupikia kwa moyo mweupe. Mwambie mwenzako kwa upole kwamba umeshajua sababu, na usiruhusu mazungumzo hayo yarudi.

Sasa nikueleze kinachotokea mle ndani. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus. Kinaishi kwenye udongo, na huja na mchele tangu shambani. Ukipika wali, vijidudu vyenyewe vinakufa, ila mbegu zake zina ganda gumu na zinavumilia kuchemka. Wali ukipoa polepole mbegu zinaamka, zinazaliana, na kwenye wali ule zinatoa sumu inayosababisha kutapika. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani ukipasha moto sana umemaliza tatizo. Kijidudu utakiua, lakini sumu inabaki. Sumu hiyo inastahimili nyuzi joto 121 kwa dakika 90, moto ambao hotpoti yako haitaufikia kamwe, na hata sufuria ya kawaida juu ya jiko la mkaa haiufikii. Kutapika kwake huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Kuna aina nyingine ya kijidudu hicho hicho, inayoleta kuendesha, nayo huchelewa, saa sita mpaka kumi na tano. Linganisha na ulivyoandika: umekula saa saba, jioni kichefuchefu, usiku kuendesha.

Maharage na nyama navyo vina wao, Clostridium perfringens, anayependa sufuria kubwa ya mchuzi mzito inayopoa taratibu. Na tui la nazi unalijua mwenyewe, mpishi yeyote wa Pwani atakuambia wali wa nazi ndio wa kwanza kuchacha. Tofauti ni kwamba kuchacha unakusikia puani. Sumu ya yule wa kwanza haina harufu wala ladha, ndiyo maana chakula kilikuwa kitamu kama kawaida na bado kikakuangusha.

Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka iliyo rahisi kukumbuka. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Kikitunzwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5, kikitunzwa moto kiwe juu ya nyuzi 60, na kikipashwa kifike 70 mpaka katikati. Eneo lililopo kati ya 5 na 60 ndilo wanakozaliana, na wanapenda zaidi joto linalokaribiana na la mwili wako.

Ndiyo maana ile robo saa yako ya asubuhi inanitia hofu kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii. Wati 60 ni moto mdogo. Nusu kilo ya wali na maharage iliyolala mezani inahitaji dakika 40 hivi ndipo itokote kweli. Ukiipa dakika 15 ukachomoa, umeifikisha vuguvugu, ukaifunga, ukaiacha hivyo saa nne nzima. Umewatengenezea wale wadudu hali ya hewa wanayoitaka. Saa sita na nusu unawapa nusu saa nyingine, chakula kinakuwa cha moto pembeni na chini, katikati bado, nawe unakula. Hiyo robo saa ya asubuhi iache kuanzia kesho.

Kuhusu umeme kutia sumu kwenye chakula, hapana. Chini ya bakuli lako kuna bamba linalopata joto umeme ukipita, joto linaingia kwenye chuma, chuma kinapasha chakula. Umeme wenyewe haukigusi chakula. Ninachosisitiza ni bakuli la chuma kisichoshika kutu, kama lako. Ziko za bei ya chini ambazo bakuli la ndani ni plastiki laini, na chakula chenye mafuta kikipashwa humo kila siku sikushauri. Kile kisahani chako cha juu, kama ni cha plastiki, geuza uangalie kama kina alama ya glasi na uma, ambayo maana yake ni kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Kama hakina, kitumie kwa kachumbari au tunda, uweke baada ya kupasha.

Kwa hiyo usiitupe. Ni chombo kizuri na gharama yake ni ndogo: wati 60 kwa saa nzima ni sehemu sita tu za mia za uniti moja. Hata ukihesabu uniti ya LUKU kwa shilingi 400, haifiki shilingi 30 kwa mlo. Ila kazi yake ni kupasha chakula kilichofika salama. Kilichoharibika njiani haikiponyi.

Nyumbani badilisha hivi. Chakula chako kipakuliwe kabla familia haijaanza kula, si baada. Wali utandazwe kwenye sinia, mbele ya feni kama ipo, utoe mvuke. Dakika 20 au 30 zinatosha, usingoje uwe baridi kabisa. Kisha weka kwenye lile bakuli la chuma, funika, na liingie kwenye friji peke yake. Gamba la plastiki lenye waya libaki nje, ndiyo maana nimefurahi uliposema bakuli linatoka. Nafasi linayohitaji ni ya chupa mbili za maji ya watoto, na maji yanaweza kulala mtungini bila madhara yoyote. Umeme ukikatika usiku, friji ambayo haijafunguliwa inabaki na ubaridi kama saa nne. Ukizidi hapo, chakula hicho kiache, usikibebe.

Alfajiri libebe bakuli kwenye mfuko pamoja na chupa ya nusu lita ya maji uliyoigandisha, imeegemea bakuli. Barafu itakuwa imeanza kuyeyuka utakapofika, na ikiisha maji utakunywa. Ofisini omba kona kwenye friji, kama ipo hata ile ya soda za wageni. Kikitoka baridi hivyo, hotpoti yako itahitaji karibu saa nzima, kwa hiyo chomeka saa sita. Katikati fungua, koroga chini juu, nyunyizia wali vijiko viwili vya maji usikauke, funga tena. Ukifungua saa saba moshi utoke na kijiko cha katikati kiunguze ulimi. Kama hakiunguzi, rudisha. Na kinachobaki hapo hakirudi nyumbani.

Usijaze mpaka juu. Tabaka jembamba linapata moto haraka, na mchuzi ukifurika unaingia kwenye tundu la waya.

Maharage ninayo njia ninayoipenda zaidi. Jumapili mama akipika sufuria ya wiki, chota ya kwako kwenye vikopo vidogo, pozeni, gandisheni. Alfajiri unabeba kopo lililoganda. Mpaka saa sita limeyeyuka lenyewe likiwa bado baridi, na ndilo linalopoza mfuko mzima. Wali wa nazi ule nyumbani, moto, na familia yako, ndipo utamu wake ulipo. Kazini beba wali mweupe, au viazi vya kuchemsha, au ndizi. Ugali sikushauri kuupasha kwenye chombo hiki, unajivika ngozi ngumu juu na ndani unabaki wa baridi. Dagaa na samaki viache Chanika. Chumba chenye kiyoyozi madirisha hufungwa, harufu inakaa mpaka jioni, na mteja aliyekuja na makaratasi yake ya mzigo hana kosa.

Sasa ofisi. Nakuambia hili kwa uzito wote: kuficha kitu cha moto chini ya meza nyuma ya mafaili ni hatari kuliko tumbo lako. Karatasi, plastiki, joto, na mtu anayechomeka kwa haraka akisikiliza hatua za bosi, moto wa jengo huanza hivyo. Iondoe hapo leo.

Na ile harufu ya kuungua siamini kwamba hotpoti yako ndiyo iliyozidisha mzigo. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 60 ni robo ampia tu. Jagi la kuchemshia maji, mengi yana wati 1,500 mpaka 2,000 na zaidi, linavuta ampia saba, nane au tisa, na printa ikiwa inapata joto nayo inavuta kwa nguvu. Ekstensheni nyembamba ya bei ya chini haiwezi kuvibeba vyote pamoja. Jagi linatakiwa soketi ya ukutani peke yake. Lakini upande wako nao kuna tatizo, ni ile kalamu. Tundu la juu la soketi za miguu mitatu lina kazi: mguu wa juu ukiingia ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ukilizibua kwa kalamu, miguu yako miwili ya duara inaingia ila haikai. Inalegea, inacheza, inatoa cheche ndogo usizoziona, na pale inapogusana panapata moto mpaka plastiki inanuka. Chomoa uangalie miguu ya plagi yako. Ukikuta imepiga weusi au plastiki ya soketi imegeuka rangi, usiitumie tena ekstensheni hiyo. Fundi umeme akubadilishie plagi uweke ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 3, si 13, kwa sababu fyuzi kubwa haitakatika waya wako mwembamba ukipata hitilafu. Ekstensheni mpya inunuliwe yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa wasomaji wengine wenye ndugu Marekani: kule umeme wao ni volti 120. Hotpoti ya kule iliyoandikwa 110V au 120V peke yake, ukiichomeka kwetu inavuta nguvu karibu mara nne ya iliyotengenezewa na inaungua, pengine na meza yake. Soma maandishi ya chini kabla ya kuchomeka kitu chochote ulicholetewa.

Kwa bosi nenda mwenyewe, usingoje akukute. Na usianze kwa kulalamika, maana alikuwa na sababu. Mwambie hivi: "Bosi, tangazo lako nimelielewa na lile la dagaa halitarudia. Naomba ruhusa tuwe tunapasha chakula pale kwenye meza ya chai, siyo mezani kwa kazi, kuanzia saa sita mpaka saa saba tu, soketi ya ukutani, bila samaki. Hotpoti ni wati 60, haifiki shilingi 30 kwa siku. Na ekstensheni yetu naona imechoka, naomba ibadilishwe." Umempa mahali, muda, gharama na sharti, na umemuonyesha hatari ambayo pengine hakuijua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawabebesha wajibu nyote wawili, mwajiri na mfanyakazi, kwa hiyo kumtajia ekstensheni inayoungua si umbea. Mapumziko ya mlo nayo si hisani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya walau dakika 60. Hili la pili huna haja ya kumwambia siku ya kwanza. Lijue tu.

Mama mkwe mzungumzishe jikoni mkiwa wawili, wakati anapika, siyo mbele ya mwanawe. Usimtajie kabisa maneno ya yule wa ofisini, leo wala siku nyingine. Mwambie: "Mama, chakula chako nakipenda ndiyo maana nakibeba. Lakini kule kazini kinakaa sana, mpaka saa saba mchana, na kwa joto hili kimenisumbua tumbo. Naomba uwe unanitolea changu mapema, tukipoze, tukiweke kwenye friji." Hakuna neno la lawama hapo. Mtu aliyezoea kupika anajua chakula kinavyoharibika kwa joto, na nadhani yeye ndiye atakayekukumbusha sinia. Kisha msaidie kukipoza mara chache za mwanzo, simameni pamoja. Hofu uliyokuwa nayo juu yake itaondoka kwa kukaa naye karibu, na yeye hatajua kamwe kwamba ilikuwepo.

Mume wako mwambie kwamba umekuwa unaumwa. Anastahili kujua afya yako. Kama tumbo likirudi hata baada ya mabadiliko haya, nenda hospitali upimwe, kwa sababu yapo mengine yanayofanana: vidonda vya tumbo, taifodi, hata ujauzito. Na usisubiri kabisa ukiona damu kwenye choo, homa kali, kizunguzungu ukisimama, au kila unachokunywa kinarudi. Wakati wa kuendesha kunywa ORS kama pakiti inavyoelekeza, kidogokidogo, na usifunge kuendesha kwa vidonge ulivyopewa na jirani.

Usafi ni mfupi. Gamba lenye umeme halizamishwi majini, linafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Bakuli na kisahani vinaoshwa kawaida. Ule mpira wa kifuniko uvute nje kwa mpini wa kijiko kila jioni. Ukiuvuta mara ya kwanza utakuta mchuzi wa zamani na ukungu mweusi umejificha kwenye mfereji wake. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika, rudisha ukiwa mkavu.

Dereva wenu anunue iliyoandikwa 12V kwa gari dogo, au 24V kama anaendesha lori, na apashe injini ikiwa inaunguruma. Injini ikizimwa betri ndiyo inayolipa, na anaweza kukwama bandarini na chakula cha moto mkononi. Iwekwe sakafuni upande wa abiria, isikae mapajani wala karibu na miguu yake ya kukanyagia breki. Na yote niliyosema kuhusu chakula kulala yanamhusu zaidi yeye, maana gari lililoegeshwa juani linapata joto kuliko chumba chochote.

Ikiwa bosi atakataa katakata, usirudi chini ya meza. Rudi kwa yule mama lishe nyuma ya jengo na makubaliano mapya: nunua kwake wali mweupe peke yake, ambao ni nafuu kuliko sahani kamili, na kopo lako la maharage au mchicha umuombe akupashie kwenye sufuria yake ndogo juu ya mkaa mpaka itokote. Wengi wanakubali kwa mteja wa kila siku. Mfikie mapema, kabla ya saa sita na nusu, foleni ya watu wa mabenki ikianza hatakuwa na jiko la kukupa.

Shangazi